Wiski ya Pipa Ndani ya Pembe

Sijui kama mtu wa darasa la nne anafaa kuandika juu ya wiski. Lakini niliimimina miaka mitano, nilipokuwa mpishi wa mzee mmoja Mzungu mwenye shamba la kahawa kati ya Ruiru na Juja, mwishoni mwa miaka ya hamsini. Basi niseme ninachokijua, na nikikosea mnisamehe.

Wiski yake ya kila siku ilitoka dukani Thika, naye aliinywa na soda bila hata kuitazama. Ile nyingine alitumiwa na ndugu yake, aliyefanya kazi kwao Uskoti katika ghala la mapipa. Ilikuwa ya kimea cha shayiri peke yake, imelala ndani ya pipa miaka mingi, ikatiwa chupani vile vile ilivyotoka, haijapunguzwa kwa maji. Ilikuwa kali kuishinda ile ya dukani kwa mbali. Mzee alikuwa akiinusa kwanza, anatia maji kijiko kimoja cha chai, anangoja, kisha ananusa tena. Maji hayo hayakuiharibu. Kabla yake pua ilipata moto tu. Baada yake zilitoka harufu zilizokuwa zimejificha nyuma ya moto.

Siku moja alinisogezea gilasi akaniuliza nasikia harufu gani.

"Moshi, bwana. Na asali iliyokaa kwenye kibuyu cha zamani."

Alisema nimejibu vizuri kuliko wageni wake. Labda alinisifu bure, sina njia ya kujua. Msichana niliyetaka kumwoa nilimweleza habari hiyo tukitoka kanisani, akacheka akisema nimekuwa mtu wa kunusa vikombe vya watu.

Mwezi wa Julai mzee aliuza shamba akaenda kwao, akaniachia chupa ya ile wiski ya ndugu yake, imebaki theluthi. Na Julai hiyo hiyo nilitakiwa kupeleka pombe ya posa kwa kina msichana, Gatongora. Baba wa msichana alikuwa amenirudisha mara moja. "Mwanamume anayepika atakaa jikoni na mkewe," alisema, "mbuzi watachungwa na nani?" Kwa haki, hakunichukia, alikuwa na binti mmoja tu. Fundi seremala wa Kalimoni alikuwa anangoja zamu yake, na huyo naye alikuwa mtu mzuri, siwezi kumsema vibaya. Tungerudishwa tena, basi, binti angekuwa wake.

Desturi yetu ni kwamba binti ndiye hupewa pembe ya pombe kwanza. Akionja na kumpa baba yake, amekubali. Akitema, mmekwenda bure.

Pombe hiyo ni muratina, ya asali, na hutaka joto ili iumuke. Baba yangu mdogo aliitengeneza, mimi nikaomba kibuyu kikae karibu na stovu ya Mzungu, maana niliiamini kuliko mafiga. Lakini yule Mzungu alipoondoka, sikuwa na wa kumpikia. Niliacha moto ukazimika siku mbili, na baridi ya Julai mnaijua. Baba mdogo alionja akatikisa kichwa.

"Hii ni ya kubatizia watoto," alisema.

Hakukuwa na asali nyingine, na siku ilikwisha kupangwa. Ndipo tukachukua wiski. Nilitaka kuitia maji nyumbani, naye akakataa kabisa.

"Upelekee wakwe pombe ya maji? Watatufungulia mbwa."

Na kweli, kwetu hilo ni tusi. Nikaifunga chupa vile vile. Mpaka leo sijui kama nilimheshimu au niliogopa tu.

Kule ukweni mposaji hasemi, husemewa. Baba mdogo akasema maneno yote, akamimina pembe ikajaa nusu, akampa binti. Naye akavuta funda kubwa, kama wanavyokunywa muratina. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na nyingine ikamtoka kinywani ikamwagika chini.

Wazee wakaitazama ile iliyomwagika. Shangazi yake akasema, "Basi, ametema."

Baba yake, ambaye humwita binti huyo mama kwa kuwa ana jina la nyanya yake mzaa baba, akamwuliza pole pole, "Mama, umeikataa?"

"Sijaikataa, baba. Inaniunguza."

"Inataka maji," nikasema. "Kijiko kimoja tu." Baba mdogo akanikanyaga mguu.

"Nani amekuuliza?" baba wa msichana akaniambia.

"Hakuna, baba," nikajibu.

Msichana akainuka. Akachota maji kwenye mtungi, akadondosha kidogo ndani ya pembe, akangoja. Kisha akanusa, mbele ya wote, bila haya. Akanywa, hakukohoa, akampa baba yake kwa mikono miwili.

Mzee naye akanusa, akakaa na pembe puani muda mrefu hata nikadhani ameudhika. Ndipo akanywa.

"Ina moshi," alisema. "Kama nyumba ya mama yangu."

Nyumba hiyo ilibomolewa wakati wa Mau Mau, serikali ya Wazungu ilipowahamishia watu vijijini kwa nguvu. Pembe ikazunguka, na kila mzee akaomba maji yake, huyu matone, yule zaidi, na kila mmoja akataja kitu chake: ngozi ya mbuzi, ghala la mtama, mvua juu ya majivu. Natamani yule Mzungu angewasikia.

"Kumbe mpishi anajua pombe," shangazi akasema.

"Anajua kitu kinataka maji kiasi gani," mzee akajibu. "Mbuzi tutatafuta wa kuwachunga. Lakini lete ya asali, hii haiwezi kutosha ukoo."

Tuliipeleka Septemba, imeumukia kwenye mafiga ya baba mdogo. Nilioa. Wazee wale, mpaka walipokwisha mmoja mmoja, waliniuliza juu ya ile ya moshi tu, kama imebaki. Haikubaki. Na kwa haki niseme, ile ya asali nayo ilikuwa nzuri sana, ila hakuna aliyeikumbuka.