Pikapu ya baba haiendi skrepa

Leo nimelala chini ya gari na gauni langu la kanisani, mbele ya wanaume saba, na sijutii.

Mnaijua pikapu ya marehemu baba. Aliinunua enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia kijijini Sapiwi. Wiki nzima imekuwa ikigonga mbele kila nikikata kona.

Fundi mmoja wa Bariadi mjini hata hakuinuka kwenye stuli yake, sembuse kuinama.
"Mayu, mama yangu, miguu ya mbele imekufa yote. Ubadilishe, au uipeleke skrepa ikauzwe chuma chakavu."
Wenzake wakacheka.

Jamani, mimi nimekulia kwenye ng'ombe. Ng'ombe akichechemea humkati miguu yote. Mmoja anamtembeza, mwingine anapapasa kiungo kimoja kimoja mpaka apate panapouma.

Nikamwambia fundi akae ndani, injini imezimwa, azungushe usukani kulia na kushoto polepole. Nikatandika kitenge, nikaingia chini, nikawa nashika kiungo baada ya kiungo.

Cha kwanza kimya.
Cha pili kimya.
Nilipofika kwenye boksi ya usukani, ikanigonga kiganjani.

Boliti mbili zinazoishikilia zimelegea. Basi.

Nikaomba spana, nikakaza mwenyewe. Hakuna aliyecheka.
Fundi akasema, "Hapo ndipo nilipotaka kuangalia."

Uangalie saa ngapi, fundi, na ulikuwa umekaa kwenye stuli?

Nimerudi nayo mpaka nyumbani Ngulyati. Haigongi.

Sasa, mnaoona aibu mama kulala chini ya gari, niambieni nimekosa wapi. Na anayenunua skrepa, aende akachukue ile stuli.