Maji Mafu

Chwap, chwap. Mpaka leo nausikia mlio wa maji kwenye ubavu wa boti, siku tuliyokwenda kutembea kisiwani. Nahodha alimtania baba, "Haya Msambaa, leo maji mafu, oga mpaka uchoke!" Baba akacheka. Mimi nikang'ang'ania ubao wa boti. Bahari imekufa, na sisi tunapita juu yake!

Kisiwani kulinukia mwani na samaki wa kuchoma. Mama aliokota kombe huku anaimba, na baba akaingia majini hadi shingoni. Nikaona atakufa nayo.

"Baba, toka!"

"We mtoto, njoo! Unaogopa chumvi?"

Juzi pale Tongoni nilimsikia mvuvi akiyataja maji mafu, nikacheka peke yangu. Kumbe ni zile siku ambazo maji hayajai sana wala hayapwi sana.

Siku ile sikujua. Nilimkumbuka bibi alipozidiwa, mama alivyomdondoshea maji mdomoni. Basi nikaenda ukingoni na kichupa changu cha maji ya kunywa, nikapiga magoti, nikaidondoshea bahari tone kwa tone mpaka kikaisha.