Kidogo Ni Kiasi Gani, Bwana Walubengo?

Je, ukiletewa kopo jipya la kitu ulichokizoea miaka mingi, utakipima upya punje kwa punje, ama utachota tu kwa kijiko chako cha siku zote?

Saa moja asubuhi, Ijumaa, Laban Masinde hachoti. Amefunga dirisha ili upepo wa ziwani usiguse mizani. Kiberiti chake amekiacha nje, juu ya jiwe. Mizani yenyewe ni ndogo, sahani yake haizidi kifuniko cha chupa ya soda. Anagonga kikaratasi kwa ukucha, punje mbili tatu za baruti zinaanguka, mkono wa mizani unatikisika, unatulia. Anainama mpaka jicho liwe sawa nao. Kisha anaandika.

"Ukikohoa hapa," anasema bila kuinua kichwa, "tunaanza upya."

Mzee Laban, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, hujaza risasi za bastola za klabu ya shabaha karibu na Otonglo, kando ya barabara ya Busia. Kila Jumamosi wanachama hupiga shabaha kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, na maganda matupu humrudia yeye. Huyasafisha, hubadilisha fataki, kile kiwashio kidogo cha kitakoni, hutia baruti, kisha hukaza kichwa juu yake, ile ncha inayoruka. Kwa wiki hutoa risasi mia mbili. Kwa mwezi hulipwa shilingi mia moja na themanini.

Vichwa huvitengeneza mwenyewe kwa madini ya risasi, yale laini na mazito. Madini hayo huyanunua kwa Seline Apiyo, mama wa vyuma chakavu pale Luanda Kotieno, anayekusanya vizito vya nyavu zilizochakaa. Mengine huyachekecha mchangani kule machimboni, akiokota vile vile vichwa alivyovimimina mwezi uliopita.

"Hicho kimeruka mara tano hicho," anasema, akionyesha kimoja kilichobonyea kama ugali ulioangukiwa na mwiko. "Nikikiyeyusha kitaruka ya sita."

Juu ya mlango wa chumba hiki kumepigiliwa kijiko. Kilikatwa kutoka ganda la risasi, kikachomelewa mkono wa waya, halafu kikapondwa kwa nyundo mpaka hakiwezi kuchota kitu. Aliyekiponda ni Laban.

Alikikuta mwaka 1958, alipoajiriwa kufagia baada ya kutoka upande wa Bungoma na mkewe Jentrix na sanduku moja la bati. Mjazaji wa wakati ule alimfundisha hivi: kijiko kimoja, risasi moja. Kwa baruti ya kopo lile, kijiko kilikuwa sahihi. Mwaka 1966, mjazaji akiwa sasa ni Laban mwenyewe, likaja kopo la aina nyingine. Punje zake zilikuwa ndogo, zikalala karibu karibu kama simsim. Kijiko kilijaa vile vile, lakini uzito ukawa mwingine kabisa.

Dalmas Obiero, karani wa reli, ndiye aliyepiga. Bastola ilipasuka mkononi mwake ikaondoka na ncha ya kidole gumba.

"Alikuja na kuku, analia," Obiero anakumbuka, akicheka na kukiinua kidole kile kifupi. "Nikamwambia, omera, ndugu yangu, keti. Kidole kimeenda, na kuku naye unataka aende?"

Laban hacheki. Tangu siku ile hujaza kwa mizani tu, na kwa kipimo kilichoandikwa na watu walioijaribu baruti ile ile, na kichwa cha namna ile ile.

Ndiyo maana mwezi wa nne mwaka huu kazi ilisimama. Baruti waliyoizoea ilikosekana, duka la Nairobi likaleta nyingine. Kitabu cha klabu kiliitaja, lakini kwa vichwa vilivyovikwa shaba tu. Vya madini matupu, hakuna hata mstari.

Katibu wa klabu, Bwana Nicodemus Walubengo, mkaguzi wa shule na mtu wa haraka, aliingia na ratiba mkononi. Wageni wa Nakuru wangekuja kushindana mwezi wa sita.

"Mzee, uzito wa vichwa si ni mmoja? Tumia kipimo cha shaba, punguza kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani, Bwana Walubengo?"

"Kidogo! Wewe si ndiye fundi?"

"Fundi wa kubahatisha tulikuwa naye. Muulize Obiero."

Si ubishi tu. Madini matupu ni laini, shaba ni ngumu, na hata urefu wa vichwa hutofautiana. Kichwa kikikaa ndani zaidi ya ganda, nafasi ya baruti hupungua na nguvu hupanda. "Viweke hapa mezani utasema ni ndugu," anasema Laban. "Ndani ya mtutu, kila mmoja ana tabia yake."

Katibu alirudi na namba aliyopewa na rafiki yake wa Eldoret. Kesho yake mwanachama mwingine akaleta namba yake, kubwa zaidi. Laban aliziandika zote mbili ubaoni, akauliza kila moja ilijaribiwa kwa kichwa gani. Hakuna aliyejua. Akazifuta.

"Basi," alisema Walubengo, "kama wewe huwezi, tutatafuta anayeweza."

Jioni ile Laban alimweleza Jentrix kwamba huenda wakarudi Bungoma. "Turudi na vidole vyetu," mkewe akajibu, akaendelea kuchambua mboga.

Laban aliishia darasa la nne, kwa hiyo binti yake Dorca ndiye aliyeandika barua kwa watengenezaji wa baruti ng'ambo. Walitaja jina lililo kwenye kopo, aina ya bastola, uzito na urefu wa kichwa, na ndani ya kisanduku cha kiberiti wakafunga vichwa vitatu.

Karani wa posta alikitikisa. "Mzee, unatangaza vita na Ulaya?"

"Naomba ushauri tu."

Zilipita wiki sita. Katibu aliacha kumsalimia. Jumanne hii barua ikafika: karatasi moja yenye jedwali la vichwa vya madini matupu, kipimo cha kuanzia na kipimo cha kutovuka. Chini yake maneno ambayo Dorca aliyasoma mara mbili: anzeni na cha chini kabisa, pimeni kila moja. Namba ya rafiki wa Eldoret, Laban alipoilinganisha, ilivuka mpaka. Alimpelekea katibu karatasi. Walubengo alisoma, akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

Sasa ni saa kumi jioni, machimboni. Bastola imefungwa kwenye gogo, kamba ndefu inavutwa kutoka nyuma ya ukuta wa mawe. Risasi tano za kipimo cha chini zinalia, moja moja. Baada ya kila mlio Laban anakwenda kuchungulia mtutu, kisha anapapasa ganda kwa kidole. Hakuna ufa. Fataki hazikuwa bapa, kwa hiyo nguvu haikuzidi.

"Safi," anasema.

Imebaki ya sita, ya kupigwa kwa mkono. Obiero ananyoosha wake, wenye gumba fupi, kama afanyavyo kila mara. Zamani klabu ilikuwa na ubao: wafanyakazi wasiguse bastola za wanachama. Ubao uling'olewa mwaka 1964, lakini hakuna aliyewahi kumwambia Laban, haya, na wewe njoo.

Laban hampi risasi. Anaigeuza kiganjani, anaitazama.

"Vipi, Mzee?" anauliza Walubengo. "Kuna kasoro?"

"Hakuna." Anajifuta mikono kwenye aproni, pole pole, kidole kwa kidole. "Miaka kumi na minne nimekuwa hapa, Bwana Walubengo. Hii nataka kuipiga mimi."