Siku ya Kugusa Kalamu

Zilpa alijifunza kusoma kichwa chini miguu juu. Enzi za utumwa alikuwa akisimama ng'ambo ya meza na jagi la maziwa, watoto wa bibi mwenye nyumba wakifundishwa upande wa pili, basi kila herufi ilimfikia imepinduka. Akirudi jikoni aliichora kwenye unga wa mikate, kisha akaifuta upesi. Mzee Efraimu, mtumwa mwenzao, alikutwa na kitabu, wakamkata kidole. Mama yake Zilpa akamwonya: "Mwanangu, vaa uso wa mjinga. Hiyo ndiyo nguo watakayokuachia." Akauvaa miaka kumi na tisa.

Hata uhuru ulipofika jimbo la Georgia, Marekani, hakuuvua. Mazoea yana taabu.

Januari ile, vita vya kukomesha utumwa vimekwisha, Bwana Hartsell aliwaita uani watu wale wale aliokuwa akiwamiliki, waje kuweka mkataba wa kulima pamba. Asiyejua kuandika aligusa tu kalamu, na karani akamchorea msalaba. Bwana aliwasomea kwa sauti tamu: nyumba, unga wa mahindi, nyama ya nguruwe. Zilpa aliikodolea macho karatasi kutoka ng'ambo ya meza. Chini kabisa palikuwa na mstari ambao mdomo wa bwana uliuruka: watoto wa kila aliyetia alama watamtumikia Hartsell mpaka watimize miaka ishirini na mmoja.

Aliyemtangulia kwenye foleni alikuwa Roda, shoga yake tangu utotoni, na bintiye Suki wa miaka tisa.

"We Zilpa, uso gani huo?" Roda alimtania. "Kalamu haiumi, mwenzangu!"

Zilpa akafungua mdomo. Mkono wa Efraimu uliokatwa kidole ukamjia machoni, akafumba mdomo. Roda akagusa.

"Zilpa, njoo," bwana akaita.

Binti wa Zilpa, Mahala, alikuwa ameng'ang'ania sketi ya mama yake. Hapo ndipo sauti ilipomtoka Zilpa, kubwa kuliko alivyotaka. Aliusoma mstari ule neno kwa neno, mpaka mwisho.

"Nani kakufundisha?" bwana akauliza, uso umemwiva.

"Nyumba yako, bwana."

Hakuna mwingine aliyegusa. Watu walitoka wakisonya, mmoja akatema mate karibu na buti za bwana. Karani aliikunja karatasi na misalaba yake sita, akaitia ndani ya koti na kulifunga vifungo. Roda alimsihi amfutie wake, karani akamsukuma kando kwa kiwiko.

Ndipo Roda alipomgeukia Zilpa. Utani wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Kumbe unajua kusoma?"

"Shoga yangu, niliogopa..."

"Ulikuwa umeshauona ule mstari nilipogusa?"

Zilpa aliitikia kwa kichwa. Alitamani ardhi impasukie.

Roda alimvuta Suki kifuani, akamkumbatia kwa mikono yote miwili.

"Kwa wako sauti imetoka," alisema. "Na wangu je?"