Meza ya Learco

Armida akikukanyaga mguu, wewe ndiye utakayeishia kumbembeleza. Ndivyo alivyo tangu tukiwa watoto: anaomba radhi mpaka unachoka, unatamani akukanyage tena ili anyamaze. Darasani mwalimu akiuliza nani kavunja kioo, yeye hakukigusa, lakini masikio yanamwiva mekundu, basi anaadhibiwa yeye. Miaka yote aliyopika kwenye shule ya kule bondeni, supu ikirudi jikoni haijaliwa, alikuwa anarudi nyumbani hana raha, kana kwamba watoto wamemkataa yeye mwenyewe. Mumewe Ivo alipohamia kwa mwanamke wa Parma, Armida ndiye aliyempigia simu mama mkwe kumwomba msamaha. Nilimwambia siku hiyo, "Shoga, wewe ungekuwa mbuzi ungemshukuru mchinjaji." Akacheka, kisha akaomba radhi kwa kucheka.

Mimi watu wa kujilaumu wananichosha, sifichi. Lakini katika jambo hili la nyumba ya mama yake, kwa mara ya kwanza maishani, alikuwa na haki ya kujilaumu.

Nyumba ya Bi Derna, mama yake, iko juu kabisa hapa kijijini kwetu Castelvarco, mlango wake unatazamana na wangu. Ni ya mawe matupu, ina meko unayoweza kuingia umesimama, na chumbani kuna kitanda cha mbao za mti wa mkastanya alichochonga marehemu mumewe, Learco, kabla hawajaoana. Bi Derna alivunjika nyonga kwenye ngazi zetu siku ya barafu. Armida akamchukua kwake chini, kwenye jengo jipya karibu na kituo cha basi. "Ni mpaka paa litengenezwe, Mama," alimwambia. Na kweli paa lilikuwa linavuja.

Paa likatengenezwa. Mafundi walikuja, wakamaliza, wakaenda zao. Hapo ndipo mpwa wa Armida alipotoka Milano, akapiga picha meko na kitanda, akazitia mtandaoni: nyumba ya asili ya mlimani, unajipikia mwenyewe, bonde zima unaliona kutoka dirishani. Pasaka haijafika, wageni wakawa wameshaingia.

Msidhani ni shida iliyomsukuma. "Ningekuwa na shida ningejisamehe," aliniambia mwenyewe. Alichokipenda ni sifa. Watu wanaingia, wanapapasa kuta, wanamwambia nyumba yako nzuri, meza yako nzuri, na yeye umri wote ule hakuna aliyewahi kumwambia kitu chake ni kizuri. Alikuwa akiwapelekea mayai, akiwafundisha kuwasha meko, kisha anavuka kuja kwangu uso unang'aa. Halafu anakumbuka, na uso unazima.

"Mama kaniuliza tena paa limefikia wapi."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba mafundi bado."

"Mafundi bado. Mwaka wa pili huu. Wanajenga kanisa kuu?"

"Iole, usinitese. Najitesa mwenyewe vya kutosha."

"Basi mwambie."

"Nitamwambia. Msimu ukiisha."

Msimu wa nyumba za kupangisha haujawahi kuisha. Wakitoka wa kiangazi wanakuja wa kuchuma zabibu, wakitoka hao wanakuja wa uyoga. Kijiji kizima kilijua, kuanzia padri mpaka muuza magazeti, na kijiji kizima kilinyamaza, kwa sababu kila mtu alimwonea huruma Armida, na wengine walikuwa wanapiga hesabu ya kupangisha nyumba za mama zao. Bi Derna alikuwa anashinda dirishani kwa bintiye akitazama juu. Kutoka kule huioni nyumba, unaona dohani tu. Dohani ikitoa moshi alikuwa anasema, "Leo mafundi wanaota moto, maskini." Armida akisikia hivyo anaingia bafuni, anafungua bomba, analia.

Sasa, jioni ya Watakatifu Wote kwetu kila nyumba inawaandalia meza wafu wake. Unaweka mkate, divai, bakuli la njugu zetu za msituni, zile kastanya, za kuchemsha, na mtungi wa maji kwa kuwa wanatoka mbali na wana kiu. Asubuhi yake, siku ya Marehemu Wote, tunaamka mapema kuliko siku zote, tunabadilisha shuka, tunatandika, tunaondoka kwenda Misani, ili na wao wapate pa kujinyoosha. Meza ile haiguswi na mtu. Kukikucha ndipo chakula wanapewa watoto. Bi Derna alimwandalia Learco kila mwaka tangu alipomzika, na kila mwaka alikuta chakula kama alivyokiacha, na hakulalamika.

Mwaka jana siku hiyo ilimkuta hospitali, nyonga imeanza tena. Alimwagiza Armida aandae. Armida akasema nimeandaa. Uongo. Nyumba ilikuwa na familia ya watu kutoka Rotterdam, watoto wanarukaruka juu ya kitanda cha Learco mpaka mimi nawasikia ng'ambo. Uongo ule ulimkaa Armida kooni mwaka mzima. Alikonda nao.

Mwaka huu Bi Derna akasema, "Nipeleke nikamwandalie mwenyewe."

"Ngazi zinateleza, Mama. Tumwandalie hapa hapa kwangu."

Bi Derna akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeweka sukari kwenye supu. "Hapa? Baba yako hapajui hapa. Kafa hata msingi haujachimbwa. Aje kuuliza njia kituo cha basi?"

"Basi nitaenda mimi juu. Nitamwandalia, naapa."

"Uape vizuri."

Nyumba ilikuwa na wageni tena, mume na mke kutoka Denmark, walimu, watu wa adabu, wanafuta viatu hata wakitoka nje. Walikuwa wanaondoka asubuhi ya Marehemu kuwahi ndege. Armida akaona ndiyo nafasi yake ya kulipa lile la mwaka jana. Mchana wageni wameenda msituni kuokota kastanya, akaingia na kitambaa cha meza cha harusi ya mama yake. Nilimwona dirishani anakinyoosha kwa viganja, anarudi nyuma anakitazama, anakinyoosha tena. Nikavuka.

"Umewaambia wageni?"

"Niwaambie nini? Meza ya leo hii, Iole. Nani hajui?"

Na mimi sikuona kosa. Nimezaliwa hapa, nimeona watu wenye njaa ya kweli wakipita mbele ya meza ile na kugeuza macho. Haikutujia akilini, si yeye wala mimi, kwamba yupo binadamu atakayerudi kutoka msituni, akute mkate na divai na kastanya za moto juu ya kitambaa cheupe, aseme mwenye nyumba katukaribisha chakula.

Walikula. Tena kwa furaha, nadhani, maana nilisikia vicheko.

Asubuhi nilikuwa nateremka na guta langu la magurudumu matatu, maana ndilo gari pekee linalopita vichochoro vyetu, nimepakia maua ya makaburini. Kwenye kona ya kituo cha basi nikamkuta Bi Derna kasimama barabarani, koti jeusi, fimbo mkononi.

"Nipandishe juu."

"Bi Derna, Misa ni huku chini."

"Sijakuuliza Misa iko wapi."

"Armida yuko wapi?"

"Kanyata, kadhani nimelala, kaenda kuondoa chakula mezani bila mimi. Nataka niione. Nipandishe, au nipande kwa miguu, na nikianguka wewe ndiye utakayewaeleza watu."

Ungefanya nini? Nilimbana pembeni yangu, maua mapajani mwake, nikapanda nikipiga honi kila kona ili Armida asikie.

"Mbona honi nyingi hivyo, unapeleka bibi harusi?"

"Kuna paka."

"Paka wa wapi hao, kijiji kizima?"

Kwenye kona ya mwisho kabla ya vichochoro gari jeupe la wageni lilitupita likiteremka. Mke alitupungia mkono. Bi Derna naye akapunga, mtu wa watu.

Armida alikuwa ndiyo kwanza kafika mlangoni na ndoo yake. Alipotuona aliiweka chini. Mama yake akampita.

Mezani mkate ulikuwa umekatwa, umebaki kipande. Chupa ya divai imeshuka zaidi ya nusu. Maganda ya kastanya yamerundikwa vizuri kwenye sahani, na glasi zilikuwa mbili. Bi Derna alishika ukingo wa meza. Nikasogea nikidhani anaanguka.

"Amekula," akasema.

Akainua chupa ya divai, akaielekeza dirishani.

"Miaka yote ile hakugusa hata punje. Amekula, Armida. Na kaja na mtu. Atakuwa Primo, ndugu yake, hao hawakuwahi kwenda mahali mmoja mmoja." Akaokota ganda, akaligeuza. "Angalia, wamemaliza zote."

Akaingia chumbani. Wageni walikuwa wametoka mbio, hawakuwahi kutandika. Bi Derna akakaa ukingoni mwa kitanda, akapitisha mkono chini ya blanketi, upande wa dirishani, na uso wake ukabadilika. Mimi namjua Bi Derna miaka yangu yote. Ni mkali, kauli zake zina miiba. Sijawahi kuuona uso ule, na nilitamani kutoka nje, maana haukuwa wa kutazamwa na watu.

"Bado kuna joto," akasema. "Njoo ushike. Ametoka sasa hivi."

Kisha akainua macho kwenye dari. "Na paa limekwisha. Halina hata doa." Akaanza kufungua vifungo vya koti. "Basi mimi sirudi kule chini. Mtu amekuja kula kwake, amelala kwake, halafu mwakani asinikute? Mchana kaniletee vitu vyangu."

Armida alinitazama. Jumamosi ilikuwa inakuja familia ya Torino, lakini hilo lilikuwa dogo, simu moja tu. Angeweza kuwafuta hao na wote waliopangiwa hadi kiangazi, mama angerudi kwake, angekufa siku yake anajua mumewe alimjia. Mimi ningeumeza uongo ule na maji baridi, nasema wazi. Nilimfanyia Armida ishara ya kichwa: nyamaza. Nyamaza, kwa mara moja katika maisha yako usiombe radhi.

Akapiga magoti.

"Mama, si Baba. Ni wageni. Wale wa gari jeupe, mtakuwa mmepishana nao njiani. Walilala wao. Na chakula wamekula wao, sikuwaambia, walidhani ni chao. Paa lilikwisha zamani, Mama. Nimekuwa napangisha nyumba. Nilikudanganya. Nisamehe."

Mkono wa Bi Derna ulikuwa bado chini ya blanketi. Aliutoa polepole, akautia mfukoni mwa koti, kama mtu aliyeshika mwili wa asiyemjua. Yale mengine yote, paa, mafundi, nilisubiri ayaseme, nilisubiri ampige fimbo, na Armida naye alikuwa ameinama anasubiri. Ingemsaidia.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu kabla ya Pasaka, mwaka jana."

"Na siku ya Marehemu ya mwaka jana? Uliponiambia hospitali kwamba umeandaa?"

"Walikuwamo watu, Mama. Sikuandaa."

Bi Derna alifikiri. Alipoongea, sauti yake haikuwa ya kugombana. Nilitamani ingekuwa.

"Kwa hiyo alikuja, akakuta kitanda kina watu."

"Mama."

"Baba yako hakuwa mtu wa kubisha hodi. Unamjua. Atakuwa alisimama nje mpaka asubuhi. Na jana tena."

"Nitawapigia simu wa Jumamosi. Nitawafuta wote. Leo leo utarudi hapa, Mama, nitakuletea kila kitu."

"Mimi nina pa kulala," akasema Bi Derna. "Sizungumzii mimi."

Akasimama, akakataa mkono wangu, akataka shuka zitolewe. Armida alizitoa, akatandika mpya, kona hazikai sawa. Mama yake alisimama na fimbo mpaka zikakaa. Kisha akapita jikoni bila kuitazama meza, akatoka, akaketi kwenye benchi la mawe lililo ukutani nje, akafunga vifungo vya koti hadi shingoni. Kengele ya Misa ilikuwa inalia bondeni.

"Bi Derna, tutachelewa," nikasema. "Na baridi hii."

"Nenda wewe. Mimi namngoja. Anaweza kuwa bado yuko hapa hapa, mtu mwenye haya haendi mbali."

Sikwenda. Nilibaki mlangoni kwangu na maua yangu. Armida akatoka na blanketi, akamfunika mama yake magoti, akasimama mbele yake mikono imening'inia.

"Nikae, Mama?"

Bi Derna hakumtazama. Alisogea kidogo, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

"Kaa," akasema. "Akija, wewe ndiye utakayemweleza."