Siku Mama Mkwe Aliponishika Mabega

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono. Husalimiana kwa mbali, macho chini, na mmoja akiingia sebuleni mwingine hutoka kwa mlango wa jikoni. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumgusa mama wa mke wangu, na tulipendana sana hivyo hivyo.

Kisha nikaanza kukua upya, mtu mzima mwenye duka la mbegu Kitale. Viatu vilinibana, pete ya ndoa ikagoma kutoka, taya likanitangulia. Wateja wakasema, "Mzee, pesa imekubali!" Kanisani kwaya ilifurahi zaidi, maana sauti yangu ilishuka ikawa besi ya kutikisa viti. Nami kwa kupenda sifa nikaitikia amina. Kuhema nikibeba gunia, nilisema ni uzee. Kukoroma kwangu kulikuwa kichekesho cha nyumba nzima.

Jumapili moja tulienda kwa wakwe, Tongaren. Nilikula kuku, nikalala kwenye kochi. Mke wangu alitoka kumsalimia jirani. Mama mkwe alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta, akisikia ninavyokoroma. Ghafla kukawa kimya. Akangoja nianze tena. Sikuanza.

Nilizinduka mikono yake ikiwa mabegani mwangu, amenikalisha, ananitikisa. "Pumua! Si upumue!" Nikavuta hewa kwa kishindo. Sijui ni nani aliyeona haya zaidi. Alikimbilia nje, nikamsikia akimwambia mke wangu aliyekuwa akirudi, "Huu si usingizi. Ati mtu analala pumzi inasimama? Mpeleke hospitali. Mambo ya aibu tutaongea baadaye."

Bungoma mjini walinipima, wakanituma mbele kwa daktari wa homoni. Kumbe kwenye tezi ndogo chini ya ubongo palikuwa na uvimbe, unamwaga homoni ya ukuaji kana kwamba mimi ni mtoto. Mifupa ya mtu mzima hairefuki tena, lakini ulimi ulikuwa umenenepa na koo limejaa nyama. "Hata mapafu yako yamekua," daktari alisema, "lakini yatafaa nini kama njia ya hewa inazibika ukilala?" Uvimbe ukatolewa kupitia puani. Sindano naendelea nazo, na usiku navaa kifaa cha kunisukumia hewa. Besi imebaki, kwaya haikupata hasara. Namshukuru Mungu, na daktari, lakini kwanza namshukuru yule mama.

Nilirudi Tongaren na blanketi la kumwondolea aibu ya kunigusa. Alilipokea kupitia kwa mke wangu, akanisalimu kwa mbali, macho chini, akaingia jikoni. Tulikula, nikasinzia pale pale kwenye kochi. Nilipoamka mlango wa jikoni ulikuwa wazi na vyombo havijaoshwa. Mama mkwe alikuwa ameketi kizingitini, amenipa mgongo kama desturi inavyotaka, akinisikiliza nikipumua.