Kengele ya Mama Asiyesikia

Juzi, katika duka moja la Arua, Uganda, nilimkuta mama mmoja wa mtaa wa Mvara akikagua kengele ya mlango yenye kamera, ile ya bei ya chini. Hasikii vizuri, kwa hiyo muuzaji alipaza sauti.

"Mama, mwizi akikuja, sura yake iko kwa simu!"

"Mwizi hapana gonga mlango," mama akajibu. "Binti yangu alitoka Koboko, akagonga, akagonga, mimi iko ndani. Akarudi kwake na kulia. Alifikiri mimi nakataa yeye."

Muuzaji akaiunganisha kengele na simu ya mama. Mama akazima mlio, akabakiza mtetemo tu, akaifunga simu kiunoni kwa kitenge, akafumba macho.

"Enda inje. Bonyeza."

Muuzaji akatoka, mimi na mama tukasubiri. Ghafla akashtuka, akashika kiuno, akacheka. Kwenye simu, sura ya muuzaji ilikuwa na ukungu.

"Sura iko mbaya kidogo. Lakini ya binti yangu nitajua."

Akanunua. Nimesoma sifa nyingi za vifaa hivi, sijaona jaribio la maana kama hilo. Kabla ya kuondoka alimpa muuzaji simu.

"Andikia yeye: kuja Jumamosi. Bonyeza, halafu ngoja. Mama iko."